Kabla hujamwaga vifaranga bwawani, tazama mkia

Wafugaji wenzangu wa kambale hapa Mwanza, mkitaka sato wadogo wawe chakula humo humo bwawani, msizoe tu samaki wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Weka mmoja kwenye bakuli jeupe, umkunjue pezi la mkia taratibu kwa kidole. Sato ana mistari ya wima iliyopangana mpaka ukingoni. Furu, samaki mdogo wa ziwani unayeweza kumdhania sato, hana mistari hiyo. Dume lake lina vidoa vya njano kwenye pezi la chini, nyuma ya tumbo, mviringo kama mayai.

Tangulizeni sato, wakue na wazaliane, ndipo mlete kambale wachanga. Mimi niliwaweka pamoja, tena kambale wakubwa. Mbegu yote ya sato ililiwa, hadi leo inaniuma.