Kabla hujasaini fomu ya mnunuzi, fungua droo

Wenye kampuni wengi hapa Mombasa hukutana na maneno "utumwa wa kisasa", yaani kumtumikisha mtu kwa nguvu, vitisho au deni, kwa mara ya kwanza kwenye fomu iliyotumwa na mnunuzi wa Ulaya. Sheria ya Uingereza ya 2015 inazitaka kampuni zinazofanya biashara huko, zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka, zieleze kila mwaka zimefanya nini kuzuia utumwa kwao wenyewe na kwa wanaoziuzia bidhaa na huduma. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Desemba 2027, utaanza kuzuia sokoni kwake bidhaa zilizotokana na kazi ya kulazimishwa. Ndiyo maana karatasi hiyo hufika hadi Shimanzi, kwenye godauni la chai lenye vibarua 40, na meneja anaambiwa aisaini upesi kontena lisichelewe meli. Nakuomba usiisaini kwanza.

Anza na vitambulisho. Nilipokuwa msimamizi wa godauni, niliingia siku moja kwenye ofisi ya kontrakta aliyekuwa akituletea mahamali. Akavuta droo kutafuta kalamu, nikaona vitambulisho vimefungwa kwa mpira, fungu nene kama tofali. "Nawawekea wasije wakapoteza," akaniambia, nami nikamwamini. Miezi miwili baadaye kijana mmoja alifiwa na mamake huko Kinango, na hakwenda kuzika. Bila kitambulisho hapa kwetu hutoi pesa kwa ajenti, hupandi treni, huombi kazi kwingine. Chake kilikuwa ndani ya droo ile mpaka amalize deni la "kuingizwa kazini". Linaniuma hadi leo kwamba nililiona fungu lile na nikafunga mlango.

Shirika la Kazi Duniani lina dalili 11 za kazi ya kulazimishwa, na kushikilia hati za mtu ni mojawapo, pamoja na kuzuia ujira, vitisho, kumfungia mtu asitoke, na kumfunga kwa deni. Dalili moja haitoshi kuhukumu, lakini inatosha kukufanya uulize. Kwa hiyo kabla ya lolote, hakikisha hati inapigwa kopi na kurudishwa mkononi mwa mwenyewe dakika ileile. Na uifungue droo ya kontrakta pia, si yako tu.

Kisha uliza deni. Muulize kila kibarua, nyapara akiwa mbali: ulitoa shilingi ngapi kupata kazi hii, na ulimpa nani? Sheria ya Ajira ya 2007 inamkataza mwajiri kukata mshahara kama malipo ya kumpa mtu kazi, na makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara. Kijana yule alikuwa akikatwa kila Jumamosi, na hakuna aliyemwandikia popote amebakisha kiasi gani.

Hapa pana hesabu ambayo wengi wetu hatuipendi. Chukua bei unayomlipa kontrakta kwa kibarua mmoja kwa siku. Ondoa ujira wa chini wa kisheria, ondoa mchango wa mwajiri kwa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ondoa faida yake kontrakta. Kama hesabu inakwenda chini ya sufuri, basi kuna mtu anaifidia hiyo bei nafuu uliyojivunia kuipata, naye ni yule aliyebeba gunia. Sera nzuri ukutani haitamsaidia. Pandisha bei, na uandike kwenye mkataba kwamba nyongeza ifike kwa kibarua.

Orodhesha pia wale ambao huwaoni mchana: walinzi, wanaofagia, wapakiaji wa zamu ya usiku, waliotengeneza paleti. Nenda saa nane usiku bila kupiga simu. Kama kuna wanaolala humo, tazama kufuli la mlango liko upande gani. Mafunzo ya wafanyakazi yafanyike, lakini baada ya hapo.

Ukinunua samaki, kuwa mwangalifu zaidi. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 hauhusu meli za uvuvi, kwa hiyo usidhani ulinzi wa mabaharia wa meli za mizigo unawafikia na wavuvi. Omba kuona mkataba wa kila mvuvi, na uulize pasipoti yake iko kwa nani.

Kengeleni pale njia ya Nyali pamepata jina kwa kengele iliyowekwa karne ya 19 huko Freretown, makazi ya watumwa walioachiwa huru, ikilia kuwatahadharisha kwamba wawindaji wa watumwa wanakuja. Kampuni yako inahitaji namna kama hiyo ya kupaza sauti. Sanduku la malalamiko lililo chini ya macho ya askari wa geti halifai. Weka nambari ya simu inayopokewa na mtu asiye chini ya nyapara wala kontrakta, anayesikia Kiswahili, Kigiriama na Kidigo. Ikiwa ni mtoto, 116 ni simu ya bure ya kusaidia watoto.

Na ukikuta jambo? Usimfukuze kontrakta siku hiyohiyo ukajiona umemaliza, maana vibarua ndio watakaolala njaa na deni litawafuata nyumbani. Kwanza hati zirudi, ujira uliozuiwa ulipwe, na pesa za "kuingizwa kazini" zirejeshwe, hata kama ni wewe utakayezitoa. Pakiwa na vitisho, watu kufungiwa au watoto, usimhoji mwathiriwa mara tano ofisini. Ita kitengo cha polisi kinachoshughulikia usafirishaji haramu wa binadamu na ulinzi wa watoto. Sheria ya 2010 dhidi ya usafirishaji huo inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Ndipo uchukue fomu ya mnunuzi. Andika ulichokikuta, pesa zilizorejeshwa ni kiasi gani, na zilizobaki zitalipwa tarehe ngapi.