Somo: Volti zinavyopanda kwenye kapasita (pima mwenyewe)

Kila wiki naulizwa volti zinapandaje kwenye kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme), kwa hiyo naandika jibu mara moja.

Vifaa: betri ya volti 9, rezista (kifaa cha kubana mkondo) ya kilo-omu 100, kapasita ya mikrofaradi 470 (volti 16 au zaidi), mita ya dijitali, saa.

1. Gusanisha miguu ya kapasita kwa waya ili ianze na sifuri.

2. Unga betri, rezista na kapasita kwa mfuatano. Mguu wa upande wenye mstari ni hasi. Ukiugeuza, kapasita inaweza kuvimba na kupasuka.

3. Mita iguse miguu ya kapasita. Hapa nilipoteza jioni nzima. Nilitumia mita ya mshale, volti zikapanda hadi 6 zikagoma. Nikabadilisha kapasita mbili, zote 6. Kumbe mita yenyewe, kwenye renji ya volti 10, ina ukinzani wa kilo-omu 200, nayo ilikuwa inanyonya mkondo uliopita kwenye rezista. Kapasita zilikuwa nzima. TUMIA DIJITALI, nyingi zina megaomu 10.

4. Andika kila sekunde 10. Zidisha omu 100,000 kwa faradi 0.00047, unapata sekunde 47. Hapo utasoma karibu 5.7; sekunde ya 94, karibu 7.8, dakika ya nne, 8.9. Ukipishana kidogo usishtuke, kapasita hizi huzidi au kupungua hata asilimia 20.

Chipukizi: Mkuu, yangu imegoma kwenye 6. Kapasita mbovu?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Chipukizi: Sijasoma yote, niko kazini.

Mwandishi: Isome ukitoka. Nimeiandika ndefu kwa sababu hiyo hiyo.

Kidato cha Tano: Mwalimu, kwa nini inapanda mbio halafu inazubaa?

Mwandishi: Swali zuri sana. Mkondo unasukumwa na volti zilizobaki kwenye rezista. Mwanzoni ni 9 nzima, zinapita mikroampia 90. Kapasita ikifika 6, rezista imebakiwa na 3, mkondo ni 30 tu, na chaji inaingia kwa theluthi ya kasi ya mwanzo. Ikijaa, toa betri, gusanisha nyaya mbili zilizoachwa na betri, uiache ishuke kupitia rezista ile ile: sekunde ya 47 utakuta karibu 3.3. Niletee namba zako.

Fundi TV: Kapasita ile kubwa ya pawasaplai mimi naimaliza chaji kwa kuigusanisha miguu na bisibisi.

Mwandishi: Acha leo, ndugu yangu. Umeme wa 230 huacha humo kama volti 325, hata plagi ikiwa imetolewa. Bisibisi inaruka cheche na kuunguza bodi. Tumia balbu ya nyuzi ya wati 60 kwenye holda.

Fundi TV: Siku hizi napata za LED tu.

Mwandishi: LED huzima kabla volti hazijaisha. Chukua rezista ya kilo-omu 2.2, wati 10, nyaya zenye maganda. Shikilia kwenye miguu ya kapasita sekunde 10, kisha pima kabla hujaweka mkono.