Trojani ndani ya kompyuta ya Windows: inavyoingia na namna ya kuing'oa

Mnyoo wa kompyuta hujisambaza wenyewe. Trojani, yaani programu hasidi inayojifanya kitu cha kawaida, haina uwezo huo: husubiri mwenye kompyuta aifungulie mlango. Kwa hiyo tafuta kwanza mlango uliofunguliwa, la sivyo utasafisha leo na wiki ijayo itarudi kwa njia ileile.

Hapa Nairobi milango mikubwa ni mitatu. Wa kwanza ni programu za wizi, mathalani Office au Photoshop iliyopakuliwa pamoja na kraki yake, yaani kiprogramu cha kukwepa leseni. Maelekezo ya kraki karibu kila mara hukuambia uzime antivirusi kwanza, kisha uifungue kwa mamlaka ya msimamizi. Ukitii, umemkabidhi mtu usiyemjua funguo za nyumba nzima. Wapo wanaosema antivirusi hulalamikia kraki bure tu. Wakati mwingine ni kweli, lakini kwa macho huwezi kutofautisha kraki safi na iliyobeba mzigo.

Mlango wa pili ni baruapepe: ankara, kwotesheni, LPO (oda ya ununuzi), au ujumbe unaojifanya wa KRA, mamlaka ya ushuru, mwezi wa Juni, watu wanapokimbizana na tarehe 30 ya ritani za kodi. Kiambatisho mara nyingi huwa ni zipu yenye nywila, na nywila yenyewe imeandikwa palepale kwenye ujumbe. Hiyo haikulindi wewe; imewekwa ili kichujio cha baruapepe kisione kilichomo. Ukiifungua unakuta faili ya Invoice.pdf yenye alama ya PDF. Jina lake kamili ni Invoice.pdf.exe, ila Windows huficha kiendelezi cha mwisho usipoiambia vinginevyo. Fungua kidirisha cha mafaili, nenda View, kisha Show, uweke tiki kwenye File name extensions. Ni kazi ya sekunde kumi.

Wa tatu ni flashi iliyopita saiba kuprintiwa kitu. Unarudi nayo, folda zote zimegeuka njia za mkato (shortcut) zenye ukubwa wa KB 1 au 2, na folda za kweli zimefichwa. Ukibofya, kirusi kinaamka kwanza, kisha folda inafunguka kama kawaida, usishuku lolote. Kitaalamu huo ni mnyoo, lakini mara nyingi mzigo anaoubeba ni trojani.

Hatua ya 1. Kata intaneti. Zima Wi-Fi, chomoa kebo. Trojani hupokea amri na kusafirisha data yako kwa njia hiyo. Chomoa pia diski ya nje yenye bekapu.

Hatua ya 2. Badilisha nywila, lakini kwa simu au kompyuta nyingine iliyo safi. Ukibadilishia kwenye ile iliyoambukizwa, unampa mwizi nywila mpya mkononi. Anza na baruapepe, kwa sababu ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote, kisha benki, iTax na eCitizen. Halafu, jambo ambalo wengi huliruka, toa (sign out) vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti hizo. Trojani za wizi wa data hubeba vidakuzi (cookies) vya kivinjari, vifaili vinavyokumbuka kuwa umeshaingia, na mwenye kidakuzi chako anaweza kuingia bila kuulizwa nywila wala msimbo wa SMS.

Hatua ya 3. Kwenye kompyuta safi pakua Microsoft Safety Scanner kutoka tovuti ya Microsoft, uihamishe kwa flashi ambayo utaiformati baadaye. Nakala moja hutumika siku 10 tu, basi usitegemee uliyoiweka mwaka jana.

Hatua ya 4. Kabla ya kuskani, fungua Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, ushuke hadi Exclusions. Hapa ndipo skani nyingi huharibikia. Trojani ikishapata mamlaka ya msimamizi hujiandikia msamaha: unakuta folda yake, au C:\ nzima, kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Futa kila usichokiweka mwenyewe. Windows Security ikikataa kabisa kufunguka, hiyo ni dalili tosha. Ruka hadi hatua ya 7.

Sasa endesha Safety Scanner, skani kamili. Kwenye diski ya zamani inayozunguka itachukua saa kadhaa. Ikimaliza, rudi Windows Security, Scan options, uchague skani ya offline ya Microsoft Defender, antivirusi ya Windows yenyewe. Kompyuta itajizima na kuwaka, ikaguliwe kwa dakika 15 hivi kabla Windows haijaamka, na trojani nayo ikiwa bado imelala. Weka laptopu kwenye chaji, na uwe na ufunguo wa BitLocker (kufuli ya diski ya Windows) karibu, huenda ukaulizwa.

Hatua ya 5. Ng'oa mizizi. Malalamiko ya "nimesafisha lakini inarudi" huanzia hapa: antivirusi imefuta faili, ila kazi iliyopangwa (scheduled task) imebaki, na ukiwasha intaneti tu inapakua nyingine. Tumia Autoruns, zana ya bure ya Microsoft inayoorodhesha kila kinachojiwasha chenyewe; ipakue kwenye kompyuta safi kama ulivyofanya hatua ya 3. Kwenye Options ficha vitu vya Microsoft, kisha soma vilivyobaki. Shuku chochote kinachoanzia folda za AppData au Temp, kisicho na sahihi ya mtengenezaji, au amri ya powershell yenye mkia mrefu wa herufi zisizosomeka. Svchost.exe ya kweli hukaa System32. Ukiikuta AppData, ni tapeli aliyevaa sare. Toa tiki kwanza, uwashe upya, ndipo ufute. Ukifuta kwa haraka unaweza kuua draiva ya printa bure.

Kagua pia programu-jalizi (extensions) za kivinjari na mpangilio wa proksi, yaani seva ya kati inayopitisha mtandao wako.

Hatua ya 6. Flashi. Fungua dirisha la amri (cmd) na uandike, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zitajitokeza. Nakili nyaraka na picha pekee, acha njia za mkato na faili za .exe, .vbs na .js, kisha uiformati.

Hatua ya 7. Kubali kushindwa. Kama Defender haiwaki, au kompyuta ni ya kulipia mishahara, usibahatishe: weka Windows upya. Tengeneza flashi ya GB 8 kwa Media Creation Tool kwenye kompyuta safi. Upakuaji hupita GB 4, basi usiuanze kwa bando la siku. Wakati wa kuweka, futa vigawanyo (partitions) vyote vya diski, baada ya kuokoa nyaraka zako. Windows iliyokuwa na leseni halali itajiamilisha yenyewe ukiunganisha intaneti. Ukimpa fundi, muulize Windows yake ameitoa wapi. Akikuwekea ya kraki, mmerudi mlango wa kwanza. Windows 10 nayo ilimaliza muda wake wa kawaida wa usaidizi Oktoba 14, 2025, basi kama mashine inaimudu, weka 11.

Kompyuta ikiwa ya biashara yenye data za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale data ilipofikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wenye data hiyo. Saa hizo huhesabiwa tangu ulipojua, si tangu ulipomaliza kusafisha. Andika muda huo kwenye karatasi ukiwa bado hatua ya 1.