Namna ya kuishusha heliamu hadi iache kuchemka

Mwongozo huu ni wa mwenye maabara iliyo na heliamu kimiminika na pampu ya ombwe. Shabaha yetu ni 2.17 K, yaani nyuzi mbili na ushei juu ya sifuri halisi, halijoto ya chini kabisa iwezekanayo. Tumia chupa ya Dewar (yenye kuta mbili na ombwe katikati, kama chupa ya chai) ya kioo. Ya chuma itakupa namba za kipimajoto tu, na utamu wote wa kazi hii uko machoni.

1. Panga chupa mbili. Ya ndani ni ya heliamu, ya nje ni ya nitrojeni kimiminika (77 K). Zote ziwe zimepakwa fedha, isipokuwa ufito mwembamba wa kuchungulia. Usiidharau nitrojeni: ukuta wa 77 K hutoa mnururisho mdogo zaidi ya mara 200 kuliko ukuta wa joto la chumba, na heliamu haivumilii joto. Wati moja tu hukausha takriban lita 1.4 kwa saa.

2. Ondoa hewa. Vuta ombwe chupa ya ndani, ingiza gesi ya heliamu, vuta tena, rudia. Hewa inayobaki huganda na kuziba shingo, na lita moja ya heliamu kimiminika hutoa zaidi ya lita 700 za gesi. Bila vali ya usalama, miwani ya kinga na chumba kinachopitisha hewa, usianze.

3. Jaza polepole. Mdomo wa bomba la kujazia kutoka kwenye tangi la heliamu ufike chini kabisa, ili gesi baridi ipande ikipoza kuta zote kabla ya kutoka. Wenye haraka humaliza tangi bila kuona tone. Jaza hadi juu, maana theluthi moja hivi itapotea katika hatua inayofuata.

4. Washa pampu. Fungua vali kidogo kidogo. Presha ikishuka, halijoto nayo inashuka, kwa hiyo geji ya presha ndiyo kipimajoto chako: milimita 760 za zebaki ni 4.2 K, milimita 38 hivi ni 2.17 K. Njiani heliamu huchemka kwa fujo, imejaa mapovu hata huoni upande wa pili. Kisha, ghafla, mapovu yote yanatoweka na kimiminika kinatulia tuli. Anayeanza hudhani pampu imezima. Itazame geji: bado inashuka. Heliamu sasa inapitisha joto vizuri kiasi kwamba hakuna sehemu ya ndani inayozidi nyingine joto na kuzaa povu. Mvuke unatoka usoni tu. Ajabu ni kwamba mwanafizikia Mholanzi Kamerlingh Onnes aliipata heliamu kimiminika huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1908, lakini kukoma huku kwa mapovu kulikuja kuandikwa mwaka 1932, huko Toronto.

5. Chezea. Teremsha kikombe chenye kitako cha kauri yenye vitundu vidogo mno. Juu ya 2.17 K hakivuji. Chini yake kinavuja, kwa kuwa sehemu ya heliamu hutiririka bila mnato wowote. Badilisha, weka kikombe kisicho na vitundu, kijaze heliamu na ukiinue juu ya uso wa heliamu: utando mwembamba, wa nanomita 30 hivi, utapanda ukutani kwa ndani, ushuke kwa nje na kudondoka kitakoni.

Utando huohuo hupanda shingo ya chupa hadi penye joto, unageuka mvuke na kuilemea pampu. Ndiyo maana wengi hukwama karibu na 1 K. Tundu dogo shingoni husaidia. Wala usingoje igande: kwa presha ya kawaida haigandi hata kwenye sifuri halisi, inahitaji atmosfia 25 hivi.

6. Funga kazi. Funga vali ya pampu, uache joto lijirudie lenyewe. Bomba la kurudisha gesi lifunguliwe tu presha ya ndani ikishaizidi ya nje. Ukifungua mapema, hewa itavutwa ndani na kuganda shingoni.