Somo: Kumfuatilia mgonjwa wa maumivu sugu kwa meseji

Somo hili ni la wauguzi, watu wa fiziotherapia na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaohudumia wenye maumivu sugu, yaani yaliyozidi miezi 3: mgongo, magoti, mishipa ya fahamu, selimundu. Mtu wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, hawezi kupanda daladala kila wiki kuja kusema goti bado linauma. Meseji inamfikia hata mwenye kitochi. Maumivu haiyaondoi, inamshikisha mazoezi, na inakuonyesha nani anazidiwa kabla ya siku yake ya kliniki.

Hatua ya 1: Ridhaa. Kabla ya kuandika namba, uliza simu ni ya nani na nani mwingine huifungua. Huenda mtu mwingine akaisoma, kwa hiyo meseji isitaje ugonjwa wala dawa. Ridhaa iwe ya maandishi. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti.

Hatua ya 2: Lengo moja, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. "Kupunguza maumivu" si lengo. Mama ntilie kusimama jikoni dakika 20 kisha kukaa 5, hilo ni lengo, na unaweza kumuuliza kama limewezekana.

Hatua ya 3: Kuandika. Meseji moja inabeba herufi 160. Mfano huu haufiki huko:

"Wiki iliyopita, kwa wastani maumivu yalikuwa kiasi gani? Jibu kwa namba: 0 hakuna, 10 makali kupita yote. 99 ukitaka tukupigie."

Hapa ndipo wengi hupoteza hela. Ukiweka emoji, kikomo kinashuka hadi herufi 70, na meseji moja inakatwa vipande 2 au 3, kila kimoja kinalipiwa. Kiswahili kina mtego wake: ukiandika "kung'ang'ania" kwenye kompyuta kisha ukanakili, programu huwa imeshaipinda ile alama ya ng', na alama iliyopinda inafanya yaleyale ya emoji. Andika moja kwa moja kwenye mfumo wa kutumia meseji, au tafuta neno jingine.

Hatua ya 4: Ratiba. Mbili kwa wiki zinatosha: Jumatatu swali, Alhamisi kumbusho la zoezi. Ukimuuliza mtu kila asubuhi anaumwa kiasi gani, unaweza kumfundisha kuyatafuta maumivu. Angalia saa: saa 2 asubuhi kwenye mfumo ni 08:00. Aliyeandika 02:00 ameamsha watu saa 8 usiku. Na mfumo uliowekwa kwenye saa za Greenwich, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3, utapeleka ya 08:00 saa 5 asubuhi.

Hatua ya 5: Majibu. Awepo mtu mmoja anayejulikana, anayeyasoma kila siku kabla ya saa 10 jioni. Kama hayupo, bora msianze kabisa. Namba ikipanda 2 au zaidi juu ya kawaida ya mgonjwa huyo, mpigie. Akijibu 99, mpigie siku hiyohiyo. Na tangu siku ya kumwandikisha aelewe: miguu ikilegea, mkojo au haja kubwa ikimtoka bila kujizuia, akifa ganzi sehemu za siri, au mgongo ukiuma pamoja na homa, aende hospitali siku hiyohiyo. Asingoje meseji.

MASWALI

Swali: Tunatuma kwa jina la kituo, lakini hakuna hata mmoja anayejibu. Tatizo nini, wadau?
Jibu: Meseji iliyokuja kwa jina hairudishiki. Tumieni namba ya kawaida au namba fupi inayopokea. Pia kujibu kunakula salio, kwa hiyo wasio na vocha waruhusuni kubipu, ninyi mpige.

Swali: Mzee mmoja anajibu 10 kila Jumatatu. Nimpuuze?
Jibu: Hapana. Mpigie umuulize wiki hiyo alitembea hadi wapi, alilala kwa saa ngapi. Mara nyingi utakuta hakuelezwa kipimo, au anaogopa akitaja 6 atatolewa kwenye orodha. Kuanzia hapo fuatilia lengo lake, si namba peke yake.

Swali: Mgonjwa ameandika "niongeze diklofenaki?" Nimjibuje?
Jibu: Dozi haipangwi kwa meseji. Mpigie, mwambie asiongeze, kisha muulize anameza nini vingine, pamoja na vya duka la dawa. Diklofenaki ya muda mrefu inachimba vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Hata parasetamoli ina mwisho: kwa mtu mzima vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani. Akisema choo ni cheusi kama lami, aache diklofenaki na aende hospitali leo.