Namna ya Kuchunguza Maisha na Sifa ya Baba wa Kiongozi Maarufu: Mfano wa Baba yake Barack Obama

Mtoto anapopata madaraka makubwa, habari za baba yake hubadilika, kwa maana wanaompenda mwana humtukuza mzazi na wanaompinga humchafua. Kwa sababu hiyo, ninapoandika wasifu huanza kuupanga ushahidi kwa tarehe uliotolewa, kabla ya kuupanga kwa tukio unalolisimulia. Nitaueleza utaratibu huo kwa kumtumia Mzee Obama, Mjaluo aliyekulia Alego katika Siaya, akasomea uchumi Hawaii na Harvard, na akafariki kwa ajali ya gari Nairobi tarehe 24 Novemba 1982.

Hatua ya 1: Weka mpaka wa tarehe

Katika mfano huu mpaka ni Julai 2004, mwana alipohutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Boston na jina lake likavuma. Gawa daftari lako sehemu mbili, ushahidi wa kabla na wa baada. Kitabu cha kumbukumbu alichokitoa mwana mwaka 1995 kinaangukia upande wa kabla, lakini kitumie kwa uangalifu: mwandishi alikuwa na baba yake kwa muda mfupi tu mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka kumi, na anakiri katika utangulizi kwamba baadhi ya wahusika ni watu kadhaa aliowaunganisha kuwa mmoja na mazungumzo ameyakadiria.

Hatua ya 2: Tafuta maneno yake mwenyewe

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo watafiti wengi hupita haraka mno. Julai 1965 Mzee Obama alichapisha makala katika jarida la East Africa Journal akiukosoa waraka wa serikali ya Kenya, Nambari 10 wa mwaka huo, kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Jina limeandikwa Barak H. Obama, kwa hiyo ukitafuta kwa tahajia moja tu utaikosa. Waraka huo ulihusishwa zaidi na Tom Mboya, waziri aliyekuwa Mjaluo mwenzake na rafiki yake, na bado kijana huyo alihoji hadharani mpango wa kumpa kila mtu hati yake ya ardhi na uchache wa Waafrika katika biashara. Mwaka 2008 wapinzani wa mwanawe walichomoa sentensi moja tu, ile isemayo kwamba kinadharia hakuna kinachoizuia serikali kutoza kodi ya asilimia 100, wakaacha sharti lililofuata, kwamba wananchi wapate manufaa yanayolingana na walichotozwa. Soma makala nzima kabla ya kumnukuu mtu yeyote anayeizungumzia.

Kisha tafuta magazeti ya Nairobi ya mwaka 1969, kwa kuwa Mzee Obama alitoa ushahidi katika kesi ya mauaji ya Mboya, aliyepigwa risasi tarehe 5 Julai mwaka huo.

Hatua ya 3: Uliza kila hati iliandikwa kwa nia gani

Faili lake la uhamiaji la Marekani lina mashaka ya maofisa waliotaka kujua habari za ndoa zake. Barua zake za kuomba ufadhili, zilizohifadhiwa katika kituo cha utafiti cha Schomburg huko Harlem, New York, zinaonyesha kijana mwenye bidii, ila hazimtaji mke wake wa Hawaii, mama yake Barack, wala mtoto huyo. Kila upande una la kuficha, na kwa maoni yangu ukimya wa barua ni ushahidi wenye uzito kama maneno ya faili.

Umri nao uhesabu mwenyewe. Hati ya kuzaliwa ya mwanawe, ya Agosti 1961, inasema baba ana miaka 25, hesabu inayokaribia mwaka 1936, ilhali maandishi mengine yanataja 1934. Andika miaka yote miwili na chanzo cha kila mmoja.

Hatua ya 4: Fuata simulizi linalopendwa hadi chanzo chake

Machi 2007, mjini Selma, mwana alisema kwamba familia ya Kennedy ndiyo iliyosaidia kumleta baba yake Marekani. Baba alikuwa amekwisha kufika mwaka 1959, na fedha za Kennedy kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki zilianza kutolewa mwaka 1960. Tarehe mbili zinatosha kulirekebisha simulizi hilo.

Hatua ya 5: Wasikilize wazee kwa heshima

Ukienda Kogelo, kijiji cha familia yake huko Alego, tafuta mkalimani wa Kijaluo asiye wa familia, kaa na mzee bila haraka, na uulize kwanza kuhusu shule, mifugo na majirani kabla ya kumtaja rais. Rekodi kwa idhini, na uandike ni lini mzee alisimulia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 6: Andika aibu pamoja na chanzo chake

Ulevi wake na ajali za gari zimesimuliwa na wengi, na mwanawe mwingine, Mark Ndesandjo, alieleza hadharani mwaka 2009 kwamba baba alimpiga yeye na mama yake. Usilifiche jambo hilo, wala usilipanue. Mtaje aliyesema, mwaka aliolisema, na kama aliliona kwa macho yake. Kabla ya kuchapisha, wasomee waliohojiwa sehemu zinazonukuu maneno yao. Wanaweza kuyaondoa maneno yao wenyewe, lakini yaliyomo katika hati yabaki.