Pepo wa maji na karabai: namna ya kumuunda adui wa gemu ya nyumba yenye mizimu

Pepo wa maji ashindwe na mchezaji aliyemsoma, si mwenye vidole vyepesi tu. Kwa hiyo kabla hujafungua Godot, programu ya kuundia gemu, amua jambo moja: kitu kinachomuumiza pepo kiwe kilekile anachoweza kukiharibu. Kwa nyumba ya kando ya ziwa, upande wa Mwanza, kitu hicho kipo tayari, nacho ni karabai, taa ya mafuta ya presha. Wavuvi wa dagaa wameitumia miaka mingi kuvuta samaki usiku usio na mbalamwezi, na aliyewahi kuishika anajua tabia zake: hupigwa pampu, huvuma ikiwaka, presha ikishuka mwanga hufifia, na maji baridi yakirukia kioo chenye moto, kioo hupasuka. Pambano lote linatoka humo.

Anza na karabai, pepo atafuata. Ipe presha ya 100, ishuke 2 kila sekunde. Pampu moja iongeze 12, ichukue nusu sekunde, na wakati wa kupampu kasi ya mchezaji ishuke kutoka pikseli 150 kwa sekunde hadi 60. Mwanga uwe PointLight2D, nodi ya taa ya Godot, na energy yake, yaani nguvu ya mwanga, iwe presha gawa kwa 100. Chini ya 30, mwanga uanze kucheza na mvumo upungue, ili mchezaji asikie presha inakwisha bila kutazama kipimo pembeni ya skrini. Kioo kivumilie nyufa mbili. Ufa wa tatu, taa imezimika mpaka apate kioo kingine.

Pepo mwenyewe ni CharacterBody2D, nodi ya kiumbe unayemwendesha kwa msimbo. Gemu ikionekana kutoka juu, badilisha Motion Mode yake iwe Floating. Ukiiacha Grounded, injini itahesabu baadhi ya kuta kuwa sakafu au dari, na pepo anaweza kukwama pasipo sababu inayoonekana.

Kuta zinataka uangalifu zaidi. Nyumba nyingi za milimani Mwanza zimebanana na majabali, mengine yameachwa palepale yakawa sehemu ya ukuta. Litumie hilo. Majabali yawekwe tabaka la 1 la mgongano, kuta za tofali na milango tabaka la 2, pepo tabaka la 3. Mask ya mchezaji, yaani orodha ya tabaka zinazomzuia, iwe na 1 na 2. Ya pepo iwe na 1 peke yake. Hapo pepo atapenya tofali na mbao kama unyevu, lakini jabali litamzuia, na mchezaji atagundua mwenyewe kwamba usalama uko nyuma ya jiwe. Usimwandikie maelezo kwenye skrini, mwache agundue.

Uhai wa pepo uwe 120. Akiwa ndani ya pikseli 160 za karabai, mpunguzie 8 kwa sekunde, zidisha kwa presha gawa kwa 100. Taa ikiwa imejaa na mchezaji asipampu, pepo anamalizika kwa sekunde 18 hivi. Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kuandika upunguzaji ndani ya _process, msimbo unaoendeshwa kila fremu, bila kuzidisha kwa delta, muda uliopita tangu fremu iliyotangulia: kwenye skrini ya fremu 144 kwa sekunde pepo hufa zaidi ya mara mbili upesi kuliko kwenye ya 60. La pili ni Area2D ya mwanga, eneo linalotambua kilichoingia ndani yake, kumkamata pepo aliye chumba cha pili. Area2D haijui ukuta. Tupa RayCast2D, mstari unaopima kama kuna kizuizi, kutoka kwenye taa hadi kwa pepo, isome tabaka la 1 na la 2, na umuumize pale tu mstari usipogonga kitu.

Hali zake ni nne: kulala, kuvizia, kurukia, kuyeyuka. Kuvizia anaenda pikseli 90 kwa sekunde. Aanze kuvizia mchezaji akiwa chini ya 220, na arudi kulala umbali ukizidi 300. Ukitumia namba moja kwa kuanza na kuacha, atatetemeka mpakani, hali ikibadilika kila fremu.

Kabla ya kurukia, asimame sekunde 0.8 huku maji yakimpanda kutoka miguuni. Kisha aruke kwa kasi ya 260 kwa sekunde 1.2. Namba hizi zimepimwa: mchezaji aliye umbali wa 40 akikimbia papo hapo anaponea chupuchupu, akichelewa sekunde 0.3 ananaswa. Ukipunguza 0.8 hadi 0.4, hata aliyemwona mapema hana nafasi, na hiyo si hofu tena, ni uonevu.

Uhai ukishuka chini ya 30, pepo ayeyuke kuwa ukungu na kukimbilia chombo cha maji kilicho karibu: ndoo, pipa, beseni. Anajiponya 10 kwa sekunde, lakini kila chombo kiwe na maji ya 40 tu, la sivyo pambano halina mwisho. Mchezaji aweze kumwaga ndoo mapema. Kwa nyumba ya vyumba sita, vyombo vinne vinatosha.

Sauti yake iwe ya mawimbi yakilamba mawe, itoke kwenye AudioStreamPlayer2D, nodi ya sauti. Shusha max_distance, umbali wa mwisho inakosikika, hadi 400. Ilivyokuja ni 2000, na kwa kiasi hicho pepo anasikika nyumba nzima, mchezaji hajui kama yuko karibu au mbali.

Dalili nzuri kuliko zote ni dirisha. Kila chumba kinachotazama ziwa kionyeshe taa za mitumbwi ya dagaa gizani, tano au sita. Pepo akianza kuvizia, zizime mojamoja, kila moja baada ya nusu sekunde. Giza la nyumba lipake kwa CanvasModulate, nodi inayotia rangi picha nzima, ya bluu nzito, si nyeusi kabisa, maana kwenye laptopu za bei nafuu nyeusi humeza kila kitu. Mashine kama hizo zitaendesha vizuri zaidi ukichagua Compatibility, njia nyepesi ya kuchora picha, unapofungua mradi mpya.

Mpe mtu asiyeijua gemu acheze, usimwambie neno. Akikamatwa mara ya kwanza, muulize kama aliona taa za ziwani zikizimika. Akisema hakuziona, usiguse kasi ya pepo. Sogeza dirisha liwe mkabala na mlango anaoingilia mchezaji.